Kibodi ya bei nafuu: hesabu ianze na herufi A

Tuchukue bei tatu za mfano, za aina utakayotajiwa Kariakoo kulingana na duka na ulimi wako: kibodi ya waya isiyo na jina shilingi 15,000, yenye jina linalojulikana 35,000, na ya swichi za springi, ile wanayoiita ya mekanika, 90,000. Mwenye steshenari anayechapa mikataba na barua za maombi akizitazama, mkono unamwenda wenyewe kwenye ile ya kwanza. Alipe mara sita kwa kitu cha kazi ileile? Swali zuri, ila bei ya dukani haiwezi kulijibu. Inabidi kuigeuza iwe bei ya saa moja ya kuchapa.

Mchapaji aliyezoea huenda maneno 40 kwa dakika, na katika hesabu za uchapaji neno moja ni mibonyezo mitano, nafasi ikiwemo. Hiyo ni mibonyezo 200 kwa dakika, 12,000 kwa saa. Tumpe saa nne za kuchapa kweli kweli kwa siku, maana zinazobaki zinaliwa na fotokopi na wateja waliosahau namba zao za kitambulisho. Anafikisha 48,000 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni mibonyezo milioni 14.4 kwa mwaka.

Watengenezaji huhesabu uhai wa kitufe kimoja kimoja, si wa kibodi nzima. Kitufe cha mpira kwa kawaida hupewa mibonyezo milioni 5 hadi 10. Swichi ya springi, milioni 50 na kuendelea. Kwa vitufe zaidi ya 100, milioni 14.4 kwa mwaka inaonekana si kitu. Ndivyo ingekuwa kama mzigo ungegawanywa sawa.

Haugawanywi. Chapa sentensi hii ya kawaida ya ofisini: “Mkataba huu umeandikwa na kutiwa saini mbele ya mashahidi wawili waliotajwa hapa chini.” Ina herufi 74, na kati ya hizo 17 ni A. Herufi E, inayoongoza katika Kiingereza, imo mara tatu tu. Ukijumlisha nafasi 12 na nukta, mibonyezo ni 87, na A peke yake imechukua karibu moja ya tano. Sentensi moja si utafiti, lakini chukua barua yoyote ya Kiswahili uhesabu. A itakuwa mbele, na Q na X hazitakuwepo kabisa.

Kwa hiyo kitufe cha A cha mchapaji wetu kinabonyezwa mara 9,600 kwa siku, karibu milioni 2.9 kwa mwaka. Kitufe cha milioni 5 kitafika mwisho wa ahadi yake baada ya mwaka mmoja na miezi tisa hivi. Cha milioni 10, miaka mitatu na nusu. Cha milioni 50, miaka 17. Ndiyo maana kibodi za steshenari huwa na A iliyofutika kabisa huku Q, kitufe kilicho juu yake, kinang'aa kama kimetoka kwenye boksi jana.

Sasa turudi kwenye pesa. Ya 15,000, tukiipa milioni 5 kwa kitufe, inatoa saa kama 2,080 kabla A haijachoka: shilingi 7 kwa saa. Ya 35,000 kwa milioni 10 ni shilingi 8 na ushee. Ya 90,000 kwa miaka 17 ingekuwa shilingi 4, lakini mimi siamini miaka 17. Vumbi na chai ya rangi havijui ahadi za kiwandani. Nikiipa miaka mitano tu, saa 6,000, inakuwa shilingi 15. Ukurasa mmoja ni kama mibonyezo 2,000, kwa hiyo mchapaji anamaliza kurasa sita kwa saa. Akitoza 500 kwa ukurasa anaingiza 3,000. Kibodi ghali kuliko zote hapa inakula nusu ya asilimia moja ya mapato hayo. Tofauti kati ya nafuu na ghali ni shilingi chache kwa saa, na haitoshi kuamua lolote. Kinachobaki kuamua ni mkono.

Na mkono una hesabu yake. Chini ya kitufe cha kibodi nafuu kuna kikombe kidogo cha mpira; unakibonyeza hadi kinakunjika, nacho kinagusanisha karatasi mbili za plastiki zenye mistari ya umeme. Vikombe vingi huomba nguvu ya gramu 55 hadi 60. Swichi nyepesi za springi, kama zile nyekundu za kampuni ya Kijerumani ya Cherry, huomba gramu 45, na husajili herufi zikishuka milimita 2 tu kati ya 4, bila kulazimisha kidole kifike chini. Hataza za muundo huo ziliisha, viwanda vya China vikaanza kuutengeneza, na bei ikashuka hadi tunaweza kuizungumzia hapa. Zidisha: mibonyezo 48,000 kwa gramu 60 ni kilo 2,880 kwa siku, kwa gramu 45 ni kilo 2,160. Tofauti ni kilo 720, magunia manane ya mahindi ya kilo 90, yaliyobebwa na vidole. Bila shaka vidole havichoki kwa kujumlisha namna hii, lakini namba inaonyesha upande mzigo ulipo. Na A hubonyezwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote, ambacho pia kina kazi ya Shift.

Wepesi nao una mpaka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241, katika sehemu ya kibodi ya mwaka 1998, kilipendelea nguvu ya gramu 50 hadi 80 hivi na mshuko wa milimita 2 hadi 4. Anayepumzisha vidole juu ya vitufe ataona swichi ya gramu 45 ikimwandikia herufi ambazo hakuzitaka. Swichi za buluu, zinazolia “tak tak”, ni nzito zaidi, na katika chumba cha wachapaji watatu ni ugomvi mtupu.

Kibodi za mtumba kutoka Ulaya zina mtego mwingine. Ya Uingereza inabadilishana @ na alama za kunukuu, jambo dogo. Ya Ujerumani inabadilishana Y na Z, na katika Kiswahili hiyo ni balaa: kila “ya” iko hatarini kuwa “za”. Ya Kifaransa, inayotumika sana Bujumbura na Bukavu, imeweka A mahali pa Q, kwa hiyo kidole kilekile dhaifu kinapanda safu moja kwa kila mbonyezo wa tano. Mpangilio hubadilishwa kwenye kompyuta bila gharama, ila maandishi ya juu ya vitufe yatabaki yakikudanganya.

Dukani, omba ichomekwe. Bonyeza A kwenye kona yake, si katikati. Ikikwama au ikishuka upande, iache. Fanya vivyo hivyo kwa kitufe kirefu cha nafasi, ncha zote mbili. Kama huchapi ankara wala hesabu, chukua isiyo na namba za pembeni: sentimita 36 badala ya 44, na mausi inakusogelea sentimita 8, bega la kulia lisinyooke siku nzima. Isiyo na waya sioni sababu yake kwa kompyuta isiyohama meza.

Mwenye 40,000 tu anunue ya 35,000. Vile vimiguu viwili vya nyuma avikunje, maana kuviinua kunakunja kifundo cha mkono kwenda juu. Meza ikiwa juu mno, 5,000 iliyobaki inatosha kipande cha sponji cha kukalia, ili viwiko vilingane na vitufe.