Kuvuja kwa Oili katika Gari Kuukuu

Tone la oili lililoanguka chini ya gari aghalabu halisemi kweli juu ya lilikotoka. Kwa maana oili ikiisha kupenya mahali pake, huteremka ubavuni mwa injini, ikasukumwa nyuma na upepo wa feni na wa mwendo, ikafuata kila ukingo na kila boliti iliyo njiani, hata ikadondokea mbali na asili yake. Na mwenye gari, akiinama asubuhi na kuona sampu imelowa, huamini kwamba sampu ndiyo yenye taksiri.

Kasulu na Kibondo, miji iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, udanganyifu huo huzidishwa na vumbi jekundu la kiangazi, ambalo, ijapokuwa lami imekwisha kuingia katika njia ya kwenda Nyakanazi, lingali likitawala njia za vijijini na zile za kuelekea kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Nalo likikutana na oili hufanya ukoko mnene unaoficha kila alama. Tena magari mengi ya huku ni ya umri, na miongoni mwao zimo Land Cruiser zilizotumikia misheni na mashirika kabla ya kuuzwa kwa raia, nyingi zikiwa na injini ya dizeli ya 1HZ, ya silinda 6 na lita 4.2, iliyoanza kutiwa katika magari hayo mwaka 1990. Ni injini stahimilivu, nami siioni ya kuilaumu. Ila mpira wa sili na gasketi zake, kama mpira wowote uliopikwa na joto miaka mingi, hukauka ukawa mgumu kama ukucha, na mpira mgumu haushiki chuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha, wala si kufungua. Injini ikiwa baridi, altaneta na mdomo wa kuingizia hewa vifunikwe kwa plastiki, ukoko ukwanguliwe kwa kijiti, kisha injini isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, ioshwe kwa sabuni na maji kidogo, iachwe ikauke kabisa. Hapo maungio yanayoshukiwa yanyunyiziwe poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, na gari liendeshwe mwendo mfupi. Likirudi na injini kuzimwa, mulika tochi kutoka juu kwenda chini, na palipolowa poda juu kuliko pengine pote ndipo penye tundu. Usisahau kunusa pia: oili ya injini ya dizeli ni nyeusi, ilhali ile ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti.

Hata baada ya kupata mahali pa kuvuja, haifai kukimbilia duka la spea kabla ya kuutazama mpira wa kupumulia, jambo ambalo mafundi wengi wa kando ya barabara hulipita kwa haraka yao. Ringi za pistoni zilizochakaa hupitisha gesi ya mwako kwenda chini penye krenki, na gesi hiyo haina budi kutafuta njia ya kutokea; njia iliyotengenezewa ni mpira utokao kwenye mfuniko wa tapeti kwenda kwenye mkondo wa hewa. Mpira huo ukizibwa na masizi na ute wa oili, gesi hujilimbikiza ndani, ikasukuma oili kwenye kila sili iliyo dhaifu, na hapo utakapoziba mbele kutavuja nyuma. Kuufungua kunataka bisibisi tu, na kuusafisha kunataka mafuta ya taa na waya wenye tambara. Kipimo chake ni hiki: injini ikiunguruma polepole, ondoa kifuniko cha kujazia oili, pumzi hafifu ni ada, lakini moshi mzito utokao kwa mikupuo, hali mpira ni safi, ni dalili kwamba ringi zimekwisha, na maradhi hayo hayatibiwi kwa gasketi.

Maadamu ringi ni nzima, kazi aula ya kufanyia nyumbani ni gasketi ya mfuniko wa tapeti. Gasketi kuukuu ing'olewe kwa kipande cha mti, si kwa patasi inayochimba aluminiamu, na mfuniko ulazwe juu ya kioo ili kuona kama kingo zake zimepinda. Kwani mtu aliyetangulia, akiona oili inavuja, aghalabu alikaza boliti kwa nguvu zote, akaupinda mfuniko na kuzidisha aliyotaka kuyaondoa. Boliti hizi ndogo, nyingi za spana namba 10, hukazwa kwa mkono mwepesi, kuanzia katikati kwenda pembeni, mizunguko miwili au mitatu. Silikoni nayo imekuwa israfu: huhitajika kiasi cha punje tu kwenye pembe, na ile inayopakwa kwa wingi humeguka ndani, ikashuka hadi chujio la pampu ya oili, ikaziba, na injini ikafa kwa ukame huku sampu imejaa.

Anayelazimika kuingia chini ya gari asitegemee jeki peke yake, maana udongo wa huku uliolowa mvua hutitia. Ubao mpana uwekwe chini ya jeki, stendi za chuma chini ya chesisi, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Oili chafu ikingwe kwa dumu, isimwagwe mtaroni: mto Ruchugi unaopita Kasulu huingia Malagarasi, ambao ardhi oevu yake, pamoja na ya Muyovozi, iliandikishwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000.

Imebaki sili ya nyuma ya krenki, ambayo haifikiwi ila kwa kushusha giaboksi, na hiyo ni kazi ya gereji. Ikiwa tone moja moja hudondoka usiku na oili haipungui sana kwenye kijiti cha kupimia, mimi ningelisubiri hadi klachi itakapotaka kubadilishwa, kazi zote mbili zifanywe kwa ushushaji mmoja. Siku hiyo mwambie fundi apapase kwa ukucha mahali midomo ya sili ile kuukuu ilipokuwa ikisugua. Akihisi mfereji katika chuma, aipige sili mpya isogee kidogo kutoka kina cha ile ya kwanza, ili mdomo wake ukalie chuma kisicholika.