Kiboko wa Nyanya na Chama cha Wanyamapori

Wengi hapa shuleni hutucheka sisi wanachama wa chama cha wanyamapori. Eti tunangojea safari tu! Likizo iliyopita hata nyanya yangu alinicheka, ila kicheko chake kilikuwa na uchungu. Kiboko alitoka ziwani usiku akala karibu nusu ya mahindi yake huko bondeni Kisian. Asubuhi akaniuliza, "Nyakwara, huyu ndiye rafiki yenu mnayemtetea?"

Nilikosa jibu. Niliporudi shuleni nikaanza kuuliza na kusoma.

Nilidhani chama hiki kililetwa na wazungu au serikali. La hasha! Shirika la Wildlife Clubs of Kenya lilianzishwa na wanafunzi wa Kenya mwaka wa 1968, miaka mitano tu baada ya uhuru. Siku zile mbuga zilionekana kama mali ya watalii. Wanafunzi hao walitaka Mkenya naye awajue wanyama wake. Baadaye Uganda na Tanzania nazo zikaanzisha vyama vya namna hiyo.

Je, shirika hufanya nini? Shule huunda chama chake chini ya mwalimu mlezi na kujiunga. Shirika hutoa gazeti liitwalo Komba, huzuru shule likionyesha filamu, huandaa mashindano ya insha, na lina hosteli Nakuru ambapo wanafunzi hulala kwa bei nafuu.

Kazi hiyo si mchezo. Mwaka wa 1973 Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, lakini wapi! Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Sheria bila watu walioelimika ni sawa na nyumba isiyo na mlango.

Sasa turudi kwa kiboko. Huyu hula nyasi hadi kilo 40 kwa usiku mmoja. Nyasi zake zilikuwa kando ya ziwa, karibu na mafunjo, yale tunayoita togo. Sisi tumeyafyeka, tukayachoma, tukalima mpaka majini. Ale wapi? Tena mafunjo hayo hayo huchuja udongo unaoletwa na mito, na samaki wachanga hujificha humo. Yakiisha, nyanya atapoteza mahindi na mvuvi atapoteza samaki.

Nilimweleza nyanya haya yote. Alisikiliza, kisha akasema, "Maneno yako matamu, lakini hayajazi chungu."

Kweli tupu. Basi tukapatana. Yeye ataacha hatua 20 ukingoni bila kulima, mafunjo yaote tena. Nasi wanachama tutamchimbia mtaro kuzunguka shamba, kwa kuwa kiboko, pamoja na nguvu zake zote, hawezi kuruka.

Jumamosi ya kwanza ya likizo tutakuwa Kisian. Anayetucheka na aje, ila asisahau jembe.