Mficha Maradhi Safarini



Ndugu wasomaji, kila msimu wa likizo za shule unapokaribia, nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza huanza kufungasha. Masanduku hupimwa, zawadi hupangwa na kupanguliwa, na mazungumzo yote huwa ni ya kilo. Linalosahauliwa ni dawa na vyombo vya mgonjwa tunayesafiri naye. Tumeona tulizungumze jambo hili mwezi huu kwa kuwa limetufika sisi wenyewe.

Tulisafiri kutoka London kwenda Unguja kuhudhuria arusi, tukiwa na shangazi yetu, mtu mzima mwenye kisukari. Njiani tulibadilisha ndege. Tulipofika, sanduku lake halikuonekana, na ndipo alipotuambia kwa sauti ya chini kwamba insulini yake yote imo humo. Tulipomuuliza kwa nini hakuiweka mkobani, alijibu: “Wanangu, nilistahi wale wa ukaguzi wanione na masindano.” Usiku ule tulizunguka mji tukitafuta duka la dawa lililo wazi. Aina aliyoizoea hatukuipata; asubuhi daktari alimwandikia nyingine. Sanduku lilifika siku ya tatu, arusi imekwisha naye angali kitandani. Alhamdulillahi, alipona. Lawama hatukumtupia mtu; kosa lilikuwa letu, tuliofungasha naye bila ya kumuuliza.

Wahenga wetu walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Katika safari ya ndege, msemo huu una maana mbili: dawa isifichwe sandukuni, na ugonjwa usifichwe kwa shirika la ndege.

Tuanze na dawa. Insulini haiwekwi katika mzigo unaokwenda chini ya ndege. Sanduku laweza kupotea, na huko chini baridi yaweza kuigandisha. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Chukueni mara mbili ya kiasi kinachohitajika, mkigawe katika mikoba miwili ya mkononi, pamoja na sindano, kipimo cha sukari, na tende au biskuti za dharura. Daktari aandike barua itajayo ugonjwa, dawa na vifaa, na dawa zibaki katika maboksi yake yenye jina la mgonjwa. Masharti ya vimiminika yaliyoanza mwaka 2006, yaliyoweka mpaka wa mililita 100, hayazuii dawa ambayo msafiri anaihitaji njiani. Lakini ni lazima aitaje mwenyewe kwa wakaguzi. Mwenye pampu ya insulini mwilini aseme mapema na aombe kukaguliwa kwa mkono, kwa maana baadhi ya pampu hazifai kupitishwa kwenye eksirei wala mashine ya kupiga picha ya mwili.

Mkifika nyumbani ambako umeme hukatika, msidharau hekima ya bibi zetu. Mtungi wa udongo uliolowekwa maji na kuwekwa kivulini penye upepo hupunguza joto. Insulini huwekwa ndani yake katika kikopo kisichopenya maji.

Pili ni pumzi. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani huwa nyepesi, mfano wa mtu aliye juu ya mlima wa hadi mita 2,400 hivi. Nairobi ipo kwenye mita 1,700 na kidogo. Mzee ambaye kifua chake kinamudu hewa ya London huenda asiimudu hiyo. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa mapafu au wa moyo amwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, na shirika la ndege liulizwe fomu yake ya afya ambayo daktari huijaza. Msifike uwanjani na mtungi wa oksijeni mkitumai huruma: pasipo idhini hauingii, na mashirika mengine hayaukubali kabisa. Mashine ndogo ya kuzalisha oksijeni ndiyo hukubaliwa zaidi, ila mashirika mengi hutaka betri zitoshe mara moja na nusu ya muda wa safari. Safari ya saa 8 yataka betri za saa 12.

Na betri zina hesabu yake. Zidisheni volti kwa ampea-saa zilizoandikwa juu yake: volti 14.4 mara ampea-saa 6.8 ni wati-saa 98 hivi. Betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa kwa kawaida. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika, na za akiba zisizidi mbili. Za akiba hukaa mkobani, ncha zake zimefunikwa, kwa sababu ikiwaka moto mbele ya wahudumu huzimika. Ikiwaka chini ya ndege ni msiba.

Tatu ni kiti cha magurudumu. Wazee wetu wengi hukataa kukiombea msaada, wakisema hawajawa vilema. Waelezwe kuwa ni haki yao wala si sadaka. Kwa sheria ya mwaka 2006 inayotumika Ulaya na Uingereza, msaada uwanjani ni bure, na msafiri huchukuliwa hadi vyombo viwili vya kumsaidia kutembea bila ya malipo. Mtoe habari saa 48 kabla. Jamaa zetu wa Marekani wana sheria yao ya mwaka 1986. Pigeni picha kiti kabla ya kukikabidhi. Kikirudishwa kimevunjika, semeni kabla ya kutoka uwanjani, kisha andikeni barua: Mkataba wa Montreal wa 1999 hutoa siku 7 tu za kulalamika.

Kwa wanaosafiri Ramadhani, tukumbushane kwamba dini yetu imempa ruhusa mgonjwa, na imempa ruhusa msafiri, kufungua. Aliye mgonjwa na msafiri kwa pamoja asijitie katika maangamizi kwa kuona haya mbele ya watu.

Shangazi amesafiri tena baada ya hapo. Safari hii alifika mbele ya mkaguzi, akafungua mkoba mwenyewe, akaweka barua juu ya meza na kusema: “Hizi dawa zangu.” Mkaguzi alizitazama, akamtakia safari njema. Haikuchukua dakika mbili.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kupima masanduku, kaeni na wazee wenu muwaulize kwa upole: dawa zako ziko wapi? Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarudishe salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.