UDONGO USIKAE UCHI



Baada ya mvua kubwa, tazama ukuta wa nyumba yako. Mara nyingi utaona matope yamerukia ukutani. Matope hayo hayakutoka mbali. Tone la mvua likipiga ardhi iliyo wazi, hurusha udongo juu. Nyumbani unaona alama yake. Shambani huoni kitu, maana maji yameuchukua udongo mpaka mtoni. Nao ni udongo wa juu, wenye rutuba.

Mimea inayotambaa huzuia hasara hiyo. Majani yake hupokea tone kabla halijagusa udongo. Kivuli chake huzuia udongo kukauka upesi, na magugu hukosa mwanga. Lakini mmea unaofaa uwanjani unaweza kuwa adui shambani.

UWANJANI

Hapa panda ukoka. Hushika udongo vizuri na huvumilia kukanyagwa. Panda vipande vyenye vifundo mvua zinapoanza. Usiupeleke kwenye mahindi! Kila kipande kinachokatwa na jembe huota upya.

BUSTANINI

Watu wengi huchagua viazi vitamu, nao hawakosei. Hufunika ardhi upesi, na matembele ni mboga. Shida huja wakati wa kuvuna, kwa sababu unachimbua udongo. Kwenye mteremko mkali, panda maboga au kunde zinazotambaa. Mashina machache ya maboga hufunika mahali pakubwa, na kuvuna kwake hakuhitaji jembe.

KATIKA MAHINDI

Fiwi inafaa sana. Wakulima wengi wa Arusha huiita ngwara. Majani yake ni mboga, na mbegu zake hupikwa. Kwenye mizizi yake kuna vinundu vidogo vinavyotengeneza mbolea kutoka hewani. Ng'oa shina moja, upasue kinundu. Kama ndani ni chekundu, kinafanya kazi.

Usipande fiwi siku moja na mahindi. Ngoja mpaka umalize palizi ya kwanza, ama sivyo itapanda juu ya mahindi machanga na kuyabana.

Mmea mwingine ni mukuna. Huu hufunika kuliko fiwi na huua magugu vizuri. Lakini mbegu zake zina sumu. Usizipike kama maharage, na watoto waambiwe. Kwa mwenye shamba dogo anayetafuta chakula, fiwi ni bora.

MIFUGO JE?

Fiwi hubaki kijani nyasi zinapokauka. Kwa hiyo ng'ombe wakiachiwa mashambani baada ya mavuno, huimaliza upesi. Mvua za kwanza zinakuta udongo uko uchi tena, na kazi yote imepotea.

Mkulima mmoja hawezi kuzuia ng'ombe wa kijiji kizima. Lipelekeni jambo hili kwenye mkutano wa kijiji mapema, kabla ya mavuno. Hapa Tanzania, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo. Sheria hizo hutumika zikishakubaliwa na halmashauri ya wilaya.

Mfugaji naye anahitaji malisho. Mnaweza kupatana kwamba mwenye shamba akate sehemu ya fiwi ampe mfugaji, naye mfugaji amletee samadi.