Baiskeli Nyepesi ya Milimani: Nani Kati Yenu Aipande?

Kuna ugomvi mmoja ambao sijawahi kuuona kwenye kurasa za mahusiano, nao ni ugomvi wa mlimani. Bwana yuko mbele mita mia mbili, kasimama anakunywa maji, anakusubiri kwa sura ya mtu mwenye subira kubwa. Wewe uko nyuma unasukuma baiskeli, jasho linakuingia machoni. Ukimfikia tu, yeye keshapumzika, anapanda anaondoka! Wale mnaoendesha wawili wawili mnanielewa.

Huku kwetu Biharamulo milima haikwepeki. Ukitoka upande wa Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi mjini, na boma la Wajerumani liko kilimani vilevile. Ukielekea Ngara ndiyo usiseme. Unashuka, unapanda, unashuka tena, mpaka kule Rusumo ambako Ruvubu inaingia Kagera. Ndiyo maana vijana walioajiriwa huku, walimu, manesi, watu wa halmashauri, wakishachoka kukaa ofisini wananiuliza swali lilelile: "Dada, nikitaka baiskeli nyepesi ya mazoezi ninunue ipi?"

Mimi kwanza nawauliza wako wangapi.

Chukulia nyumba yangu. Nina kilo 55, mume wangu ana 80. Ile Phoenix nyeusi tuliyokulia nayo, ukishaifunga kariya na stendi, inafika kilo 22 bila shida. Kwangu mimi hiyo ni asilimia 40 ya uzito wangu. Kwake ni zaidi kidogo ya robo tu. Baiskeli ya milimani ya alumini, yenye shokapu mbele tu, inacheza kwenye kilo 11 hadi 13, na zile za mashindano zinashuka chini ya 10. Sasa piga hesabu ya mlima, ambako unabeba vyote, mwili na chuma. Mimi nikitoka kwenye kilo 22 kwenda 12, mzigo mzima unatoka 77 hadi 67, yaani nimepunguza asilimia 13. Yeye anatoka 102 hadi 92, haifiki hata 10.

Kwa hiyo kama hela inatosha baiskeli moja nyepesi, apewe mwepesi. Au niseme hivi: apewe yule anayebaki nyuma. Pengo linapungua, mwenye miguu anapata mazoezi ya kweli, na mnaweza kuongea njiani badala ya kupigiana kelele.

"Sasa mama watoto, mimi nibaki na hili gogo?" mume wangu aliniuliza.

"Wewe una miguu, baba."

Alinuna siku mbili. Sikurudi nyuma, maana naona nyumba nyingi zinakwenda kinyume: kitu kizuri anachukua baba, mama anapewa kilichobaki, halafu baada ya miezi mitatu tunashangaa mbona mama kaacha mazoezi. Kaacha kwa sababu kila Jumamosi alikuwa anashindwa mbele ya mtu anayempenda. Ni nani anapenda hivyo?

Tuje dukani. Wengi huku tunategemea mtumba, na Mwanza ndiko kwenye uchaguzi. Safari nayo imekuwa rahisi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 hivi, liko wazi, ile foleni ya kivuko tumeisahau. Nenda na mizani. Sitanii! Chukua ile ya kuning'iniza ya wanunuzi wa mazao, uikamate baiskeli kwenye fremu uone mwenyewe. Kama huna, simama kwenye mizani ya nyumbani na baiskeli mkononi, kisha toa uzito wako. Muuzaji atakwambia "hii nyepesi dada, inua tu," lakini mkono wa mtu mwenye hamu ya kununua si mizani.

Usidanganywe na springi. Zile zenye springi kubwa katikati ya fremu zinapendeza kwa macho, ila za bei rahisi zinaongeza kilo, na kila ukikanyaga pedeli sehemu ya nguvu yako inaishia kwenye kudundadunda. Shokapu ya mbele peke yake inatosha, na hata hiyo kama imeganda na kutu ni mzigo wa bure. Usidanganywe na idadi ya giya pia. Baiskeli ya giya 21 ilikuwa sifa zamani, siku hizi nyingi za milimani zina duara moja tu mbele. Unachotafuta ni giya laini kabisa ya kupandia: duara dogo mbele, na nyuma meno mengi, 32 au zaidi.

Saizi ndiyo watu wanaipuuza kuliko vyote, hasa akina dada, kwa sababu mtumba mwingi ni wa wanaume. Simama juu ya fremu na viatu vyako vya kila siku, miguu yote chini. Kati ya bomba la juu na mwili wako ziwepo sentimita kama tano hivi. Mikono isinyooke kabisa kwenye usukani. Kama unalazimika kulala mbele kama unaogelea, iache, hata iwe nyepesi kama kikapu. Mgongo ukiuma hutaipanda tena.

Kuhusu fremu yenyewe: alumini ni nyepesi kwa bei ya kawaida, chuma ni kizito ila fundi yeyote wa stendi anakichomelea. Alumini inataka mashine yake na mtaalamu wake, kwa hiyo ya mtumba ikague maungio yote kwa tochi. Mstari mwembamba kama unywele karibu na shingo? Mrudishie mwenye nayo. Karboni sitaizungumzia, huku ikipasuka utaitundika ukutani.

Halafu magurudumu. Mitumba ya zamani ni ya 26, na tyubu zake unapata karibu kila duka la vipuri. Mpya nyingi ni 29, zinapita vizuri kwenye changarawe na makorongo, lakini tyubu beba zako. Ikikukwamia porini, tyubu ya Phoenix inaweza kukufikisha nyumbani, maana rimu zake hazipishani sana, milimita 622 na 635. Kasheshe ni tundu la valvu: rimu nyingi nyepesi zina tundu jembamba, na valvu nene ya Phoenix haipiti. Angalia hilo kabla hujalipa, pamoja na pampu inayoingia.

Wanaoniambia haya ni mambo ya Wazungu nawaelekeza upande wa pili wa Rusumo. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana mbio za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Milima ni ileile inayoendelea huku Ngara.

Ila kuweni na akili. Barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo ina malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, na dereva mwenye usingizi hajui kama una ndoa changa. Tafuteni njia za vijijini, mmoja nyuma ya mwingine, asubuhi. Upande wa msitu, mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kuna nyati na simba, msikatize kienyeji. Na mbung'o jamani! Wanafuata kitu kinachotembea, na wanavutiwa na bluu na nyeusi. Ile jezi yako ya bluu iliyokoza mvalishe mtu wa mjini.

Kilichobaki ni kariya. Fremu nyingi za mbio hazina hata matundu ya kuifungia, na mume wangu alipoligundua hilo alifurahi kweli. Mahindi ya kusaga, dumu la maji, mkungu kutoka kwa mama mkwe, vyote bado vinapanda kwenye Phoenix. Hatukuiuza.