Fahamu: Ngoma inavyofichua mapenzi kwenye tamthilia za enzi za kale

Tamthilia ya Bridgerton, iliyoanza kuonyeshwa Netflix Desemba 2020, huanzia Uingereza ya 1813. Huko dansi huwapa vijana ambao hawajaoana nafasi adimu ya kushikana mikono mbele za watu, na mtazamaji husoma mapenzi hapo.

Je, tamthilia ya Ndia Kuu ya zamani, barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa?

Mbinu hiyo haingefaa. Katika harusi za Waswahili wa Mombasa, wanawake huchezea kwao, wanaume kwao. Chakacha ni ya wanawake; vyama vyao vya ngoma ya lelemama vilishindana kwa mavazi na nyimbo za mafumbo.

Mapenzi yataonekana wapi?

Kwenye tarabu. Mtu huinuka, akamtuza mwimbaji pesa kwenye ubeti uliomgusa, na wajuao humwelewa anamlenga nani. Mwandishi wa tamthilia ya Mji wa Kale aanzie hapo.