Unauza mashine za kukata nyasi mtandaoni? Anza na meza ya kazi



Leo naongea na wale wanaonunua mashine za kukata nyasi zilizochoka, wanazitengeneza, halafu wanazipost na kuziuza. Naongelea zile za kusukuma zenye injini ya petroli, unazoziona mashuleni, hotelini na kwenye nyumba zenye bustani.

Wengi wetu tunazitengenezea chini, sakafuni. Umechuchumaa, umeegemeza mashine kwenye tofali, mkono mmoja umeshika mashine, mwingine una spana. Kazi inaenda, sikatai. Shida ni kwamba upande wa chini huuoni vizuri, na magonjwa mengi ya hizi mashine yako huko huko chini.

Piga hesabu. Tuseme umenunua kwa 150,000, spea 40,000, umeuza 280,000. Faida yako ni 90,000. Mteja yuko Mbeya, anaiwasha, inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Anairudisha. Gharama ya mzigo kwenda na kurudi tuseme 50,000. Imebaki 40,000, na bado hujagusa ubovu wenyewe. Juu ya hapo ameshaandika kwenye komenti zako, na wateja wengine wanasoma.

Meza ya kazi inakuonyesha huo ubovu wewe kwanza, kabla ya mteja. Ndo maana nasema ni mtaji.

UREFU WA MEZA

Usichukue vipimo vya meza ya kawaida. Mashine ikilazwa kwa ubavu inaongeza kama nusu mita juu ya meza, kwa hiyo meza ndefu itakufanya ufanye kazi mikono iko juu kama unaanika nguo. Simama wima, pima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, halafu toa sentimita 40. Kwa watu wengi inakuja kama sentimita 60.

VITU VYA KUNUNUA

- Mbao 3 za 2 kwa 4, kila moja futi 12
- Nusu plaiwudi ya milimita 18
- Bolti 10 za milimita 10, urefu inchi 5, na nati na washa zake
- Misumari ya inchi 4 na ya inchi 2
- Mbao 2 za 2 kwa 6, futi 8, za kupandishia mashine
- Papi nyembamba za ukingo, hata mabaki ya fundi seremala yanafaa

Bei sitaji, kila mji una bei yake. Chukua orodha hii, pita maduka matatu, linganisha.

JINSI YA KUKATA (meza ya urefu 120, upana 70, kimo 60)

Mbao ya kwanza: toa vipande 3 vya sentimita 120.
Mbao ya pili: kipande 1 cha 120 na vipande 4 vya 60.
Mbao ya tatu: miguu 4 ya sentimita 58, na kipande 1 cha 60. Kinabaki kipande cha kama sentimita 70. Usikitupe, ndo nguzo yetu.

KUUNGA

1. Tengeneza fremu ya juu: vipande viwili vya 120 ubavuni, viwili vya 60 mwisho huku na huku, na kimoja cha 60 katikati. Kaza kwa misumari ya inchi 4.

2. Fremu ya chini ni hivyo hivyo, ila haina kipande cha katikati.

3. Ingiza miguu kwenye pembe, kwa ndani ya fremu, upande mpana wa mguu ukilala kwenye ubao mrefu. Fremu ya juu ilingane na ncha za miguu, ya chini ikae kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Toboa, kaza bolti moja kila muungano. Hizo ni 8. Hapa usitegemee misumari peke yake, mtetemo na kusukumana vinailegeza.

4. Kata plaiwudi 120 kwa 70, piga juu kwa misumari ya inchi 2. Kipande kinachobaki kipunguze kiwe upana wa sentimita 48, kipitishe katikati ya miguu ulaze kwenye fremu ya chini. Hiyo ni shelfu ya spea na makopo.

5. Nguzo: ifunge wima katikati ya ubavu mmoja kwa bolti 2 zilizobaki. Ukilaza mashine, unafunga mpini wake hapo kwa kamba, haikuangukii. Piga na msumari mmoja kwenye nguzo, utakuja kuona kazi yake.

6. Zungushia papi za ukingo pande tatu ili matairi yasitoke. Upande wa nne uache wazi, ndo wa kupandishia. Zile mbao za 2 kwa 6 ziunganishe kwa vipande vya kukatiza, upana ulingane na matairi, na chini yake piga kipande cha kung'ang'ania meza. Mashine nyingi za kusukuma zina kilo 25 mpaka 40. Kunyanyua hiyo kila siku, mgongo utakudai.

Ukipata jiliwa, au vaisi kama mafundi wengi wanavyoiita, ifunge kwenye kona.

SHERIA ZA MEZA

Kabla mkono haujaenda kwenye kisu, chomoa waya wa plagi na uusogeze mbali. Ukizungusha kisu kwa mkono unazungusha injini, na injini inaweza kushtuka kuwaka. Vidole havina spea.

Mwaga petroli kwanza, nje, mbali na jiko na sigara.

Unapolaza, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe JUU. Ukikosea, oili inaingia kwenye chujio, mashine inakataa kuwaka au inatoa moshi mweupe, na unaanza kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe.

Na mashine haiwashwi ikiwa juu ya meza. Ya kujaribu ishushe, itoe nje kwenye uwanja. Ndani ya banda moshi wake unaua.

SASA MEZA IANZE KUKUFANYIA KAZI

Kila mashine ipitie vipimo hivi vinne kabla hujapiga picha.

Kupinda. Weka alama kwenye ukingo wa bodi, yaani lile sinia la chuma linalofunika kisu. Pima kutoka kwenye alama mpaka ncha ya kisu. Zungusha kisu nusu mzunguko, pima ncha ya pili pale pale. Tofauti ikizidi milimita 3, kuna kitu kimepinda. Funga kisu kipya kilichonyooka upime tena. Ikiwa bado, basi ni shafti ya injini, na hiyo mashine iuze kama spea. Usimuuzie mtu kama nzima.

Mizani ya kisu. Ukishanoa kwa tupa au grinda, tundika kisu kwenye ule msumari wa nguzo kwa tundu lake la katikati, kikiwa kimelala. Upande unaoshuka ndo mzito, punguza huo. Kisu kisicho na mizani ndo kinachotetemesha mashine.

Kutu. Gusa bodi yote kwa bisibisi. Ikipenya, jiwe nalo litapenya siku moja likaenda kwenye mguu wa mtu.

Kuvuja. Simamisha mashine ikiwa na oili yake, tandika gazeti chini, iache ilale hapo. Asubuhi gazeti litakwambia.

KWENYE KUUZA

Wauzaji wengi wanapost mashine kwa juu, imepakwa rangi, inang'aa. Wewe post na chini. Ilaze mezani, onyesha kisu na bodi, rekodi video fupi unapima zile ncha mbili. Mteja aliye mbali hawezi kuja kuigusa, kwa hiyo mpe macho yako.

Ukituma kwa basi, mwaga petroli na oili yote. Halafu funga karatasi kwenye mpini, andika kwa herufi kubwa: HAINA OILI, WEKA OILI KABLA YA KUWASHA. Na mpigie simu umwambie pia. Injini ikiwashwa kavu inajisaga yenyewe ndani ya muda mfupi, na lawama zitakuja kwako.

Huna hela ya vyote kwa pamoja? Anza na fremu, plaiwudi na nguzo. Mbao za kupandishia zitafuata, kwa sasa nyanyueni watu wawili.

Ukijenga yako, tupia picha kwenye komenti tuione. Na kama kuna mwenzako bado anachuchumaa, mshirikishe posti hii.